Mnazi wa Uani katika Nchi ya Mawe: Habari za Kizimkazi

Wasomaji wetu, mtu atokaye Mjini Unguja kwenda upande wa kusini huona kwa macho yake jinsi nchi inavyogeuka njiani. Mwanzo wa safari, hata kupita Mwanakwerekwe na Tunguu, udongo ni mwingi. Miembe ni mikubwa, na minazi imesimama pamoja na migomba na mihogo kama watu wa nyumba moja. Kisha njia hupita penye msitu wa Jozani, ambao tangu mwaka 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na baada yake huja Kitogani. Hapo njia yagawanyika: moja yaenda Paje, na ya pili yashuka Muyuni, hata Makunduchi na Kizimkazi. Kuanzia hapo udongo hupungua, mawe hujitokeza juu ya nchi kama mifupa ya ng'ombe aliyekonda, na miti nayo hupungua kimo. Wenyeji huiita nchi hii uwanda. Ni matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana, yamejaa matundu, na udongo haba umekaa katika matundu hayo kama maji katika kikombe.

Kizimkazi yenyewe ni vijiji viwili, Dimbani na Mkunguni, navyo viko karibu na mwisho wa kisiwa, vikielekea Ghuba ya Menai. Dimbani kuna msikiti wa mawe ambao ndani ya kibla chake mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 kwa hesabu ya Miladi. Nao ulijengwa upya katika karne ya 18. Basi watu wamekaa hapa kwa muda mrefu sana, wakivua kwa ngalawa na kulima katika mashimo ya mawe. Ghuba ya Menai ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1997, na siku hizi wageni wengi huja kuwatazama pomboo. Tena hapa ndipo alipozaliwa mwaka 1960 Bi Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwaka 2021. Walakini leo nataka kuwaelezeni habari za mti usimamao nyuma ya nyumba, baina ya jiko na kisima, ambao watu wengi huupita bila kuutazama, yaani mnazi.

Mnazi si mti uliozaliwa Unguja. Ni mgeni aliyekuja kwa bahari, akapewa uraia. Wataalamu walioichunguza minazi ya dunia nzima, wakatoa habari zao mwaka 2011, walionyesha ya kwamba minazi iliyopandwa na watu ina asili mbili: moja ni ya Bahari ya Hindi, upande wa India ya kusini na nchi za jirani yake, na ya pili ni ya visiwa vya mashariki, upande wa Pasifiki. Tena waliona kwamba huko Bukini na Ngazija asili hizo mbili zimechanganyika, kwa kuwa mabaharia wa mashariki walifika huko na mbegu zao. Hivyo mnazi unatufundisha habari za safari za watu wa kale ambao hawakuacha kitabu.

Katika Unguja mnazi ulikaa pamoja na mkarafuu, mara nyingine kwa kushindana. Husemwa kwamba Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, aliamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilikipiga kisiwa, ikaangusha mikarafuu na minazi mingi mno. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ikaishinda Unguja kwa karafuu. Lakini habari hizo ni za upande wa magharibi penye udongo mzito. Huku kusini mkarafuu hauna mahali pa kusimama, bali mnazi huweza, maana mizizi yake haishuki kama msumari. Ni mizizi mingi myembamba, hata maelfu, itokayo katika shina lililovimba, ikaenea pande zote na kufuata nyufa za mawe. Chumvi ya bahari haiudhuru. Bali wataalamu wamegundua ya kuwa klorini, ambayo ni sehemu ya chumvi, ni chakula ambacho mnazi huhitaji kuliko miti mingi mingine. Ndiyo sababu katika nchi kama Ufilipino watu huwatilia minazi yao iliyo mbali na pwani chumvi kidogo shinani.

Nilipofika Kizimkazi nalikaribishwa katika nyumba ya mzee mmoja. Nikabisha hodi, nikaitikiwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako." Binti yake, mama wa watoto watatu, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi ya chakula cha mchana. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja cha kama mita 20 kwa mita 20, kimejaa mawe na majani, na mtaimbo umeegemezwa ukutani. Mzee hakunificha neno lililokuwa baina yao. Alikuwa amempa binti yake kiwanja kile. Baadaye akaja mnunuzi, kwa kuwa ardhi iliyo karibu na bahari ina watakaji wengi siku hizi; na yule binti amekataa kuuza, anataka kupanda minazi.

"Mimi sikatazi," akasema mzee. "Lakini, mwanangu, mnazi ni miaka saba. Jiwe utalivunja leo, na nazi utaiona huyu mtoto wako mdogo akiwa mkubwa wa kukwea. Fedha ya mnunuzi iko leo."

"Baba," akajibu yule binti bila kuacha kukuna, "fedha ya mnunuzi itakwisha kabla ya mnazi kuzaa. Mimi kila siku nanunua nazi mbili, na nimenunua tangu nilipoolewa. Minazi ya bibi imebaki miwili, imezeeka, haifikishi nazi kumi kwa mwaka. Tukikaa hivi, wajukuu zako watajua nazi ya dukani tu."

Mzee akanyamaza, akachora chini kwa kijiti. Kisha akasema, "Haya, tufanye hesabu. Mtu asipande kwa hasira wala asiuze kwa hasira."

Basi tukaifanya hesabu ile, nami naiandika hapa kwa kuwa itawafaa wengi. Mnazi mrefu wenye afya hutoa kuti moja kwa kila mwezi au karibu yake, na katika kwapa la kila kuti hutoka karara, ambalo ndilo mama wa shada. Basi kwa mwaka ni mashada 12. Tukisema kila shada litakomaza nazi nne, kwa kuwa vidaka vingi huanguka, tutapata nazi 48. Hayo kwa mnazi wa uani usiotiliwa mbolea ya dukani ni mavuno mema. Nyumba inayopika nazi mbili kila siku hula nazi 730 kwa mwaka. Kwa hiyo ingehitaji minazi 15 na zaidi. Kiwanja kile hakiwezi kuichukua. Minazi mirefu yataka mita 9 baina yake, ili makuti yasigombane. Tena yafaa ikae mbali na nyumba, kwa maana nazi ianguayo toka juu huweza kuvunja bati, na kichwa cha mtu pia. Tukapima, tukaona pana nafasi ya minazi minne. Minne huzaa nazi 192, yaani kama nazi moja kwa kila siku mbili.

Yule binti aliposikia ni robo tu ya mahitaji yake, uso ulimshuka kidogo. Lakini baba yake ndiye aliyegeuka. "Robo si haba," akasema. "Na hapo hatujahesabu makuti, wala makumbi, wala vifuu, wala muhogo utakaopanda katikati. Tena ni robo ya kila mwaka, kwa miaka sitini. Fedha ya mnunuzi haina mwaka wa pili." Wakapatana kupanda minne, na mzee akaahidi kwenda kwa sheha pamoja na ndugu zake yule binti, ili iandikwe kwamba kiwanja na miti ni vyake.

Neno hilo la kuandika si dogo, wasomaji wetu. Katika desturi ya kale ya Unguja mti uliweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa ya mtu mwingine. Mtu hupanda mnazi katika ardhi ya mwenzake kwa ruhusa, na mti ukabaki wake. Desturi hiyo ilisaidia wengi, lakini pia imezaa magomvi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilichukuliwa na Serikali, na mashamba mengi yakagawanywa kwa watu eka tatu tatu, lakini mazoea ya kuhesabu mti peke yake hayakufa. Mnazi huishi kuliko aliyeupanda. Mtoto na mjukuu watakapokuja kugawana, kila mmoja atakumbuka maneno kwa namna yake. Bali karatasi yenye mashahidi hukumbuka kwa namna moja.

Sasa natuangalie kazi yenyewe. Mwanzo wake ni mbegu. Waswahili husema, nazi mbovu harabu ya nzima. Na ubovu wa mbegu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hautajulikana hata miaka saba ipite. Chagua mnazi wa umri wa katikati, usio mchanga wala mkongwe, wenye kichwa kilichoenea pande zote na mashada mengi. Usiuchague ule uliosimama karibu na zizi au jaa, maana huenda uzazi wake watoka katika samadi wala si katika asili yake. Chukua nazi zilizokomaa kabisa, za miezi 11 au 12 tangu ua kutunga, nazo ukizitikisa zilie maji ndani. Ushushe shada kwa kamba kama waweza, zisipasuke.

Nazi hizo huwekwa kitaluni, penye kivuli chepesi, zimelazwa ubavu, zimefukiwa theluthi mbili, na juu yake hutandazwa majani makavu. Zinyweshwe zisikauke. Baada ya miezi miwili au mitatu zitaanza kuchipua, nyingine zitakawia. Hapa wengi hukosa: huzihurumia zile zikawiazo. Mwenye busara hushika zile zilizotangulia, zenye shina nene na majani mapana, na zile zisizochipua hata mwezi wa tano huzitoa. Wala hazipotei bure, kwa kuwa huenda ndani yake mkawa na joya, lile tunda jeupe laini kama sifongo, ambalo watoto hulipenda sana. Mtu akilaza mbegu mwezi wa Julai, miche yake itakuwa tayari mwezi wa Machi, masika yakianza. Na masika ndiyo saa ya kupanda.

Shimo ndiyo kazi ya jasho. Penye udongo mzuri mtu huchimba kwa jembe nusu ya siku. Kizimkazi ni mtaimbo na sururu, na shimo moja laweza kula siku tatu. Kipimo chake ni mita moja kwa upana, na mita moja kwenda chini, au karibu yake. Mtu asiridhike na shimo la kikombe katika jiwe zima, bali avunje hata azione nyufa, ili mizizi ipate njia na maji yapate pa kutokea. Chini ya shimo hupangwa makumbi, matumbo yake yakitazama juu, kwa kuwa hushika maji kama sifongo na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa jua. Juu ya makumbi hutiwa udongo mweusi uliokusanywa katika matundu ya mawe, umechanganywa na samadi iliyooza na majivu ya jikoni. Majivu yana potasi, na mnazi hula potasi kuliko chakula kingine cho chote katika udongo. Mche uwekwe hata nazi yake ifunikwe tu, shingo isizikwe. Na shimo lisijazwe mpaka juu, bali libaki bonde la kupokea mvua, kisha lijazwe kidogo kidogo kadiri mti ukuavyo.

Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kufa au kupona. Kaskazi ivumapo na jua la Januari na Februari likachoma mawe, jiwe hushika moto hata usiku, na mche huungua toka chini. Funika shina kwa makuti makavu na majani, wala usiyagusishe shingo ya mche. Maji ya kuoshea mchele na vyombo yasimwagwe njiani; ndoo moja kwa siku chache chache yatosha kuuokoa. Mbuzi nao wazuiliwe kwa ua wa miti, kwa maana mbuzi mmoja hula kwa dakika moja kazi ya mwaka mzima. Mwaka wa sita, wa saba au wa nane karara la kwanza litafunguka. Apendaye kuona matunda mapema na apande kitamli mmoja pamoja na mirefu. Kitamli ni mfupi, huzaa mwaka wa tatu au wa nne, na madafu yake ni matamu. Lakini hauishi sana kama mnazi mrefu, hauvumilii ukame vizuri, na nazi yake si nono kwa tui.

Mnazi una moyo mmoja tu, ulio kileleni. Mti mwingine ukikatwa tawi huchipua. Mnazi ukiharibika moyo umekufa. Kadhalika shina lake halina gome la kuponya jeraha. Vidato vikatwavyo ili mkwezi apate pa kukanyaga havizibiki kamwe, vikiwa virefu huingiza maji na kuoza. Basi vidato na viwe vifupi, au mkwezi atumie kamba miguuni.

Adui wa moyo huo ni mdudu aitwaye chonga, mweusi, mwenye pembe kama kifaru. Huingia usiku katika makuti machanga, akatoboa hata ndani. Na kuti likifunguka huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Chonga huzaa watoto wake katika magogo ya minazi iliyokufa na katika majaa ya samadi. Basi mtu aachaye gogo la mnazi mkongwe lioze uani amemjengea adui nyumba. Alipasue, alichome au alitumie. Akimwona chonga katika mche, na amtoe kwa waya wenye ndoana, kisha atie mchanga au majivu katika makwapa ya makuti.

Adui wa pili ni mdogo, na wengi hawamjui. Ni mdudu wa jamaa ya kunguni, mwenye mdomo kama sindano, afyonzaye vidaka. Kidaka hutoka utomvu, hunyauka, huanguka. Na mwenye mnazi husema ni jua au ni husuda. Wataalamu walimpa mdudu huyo jina la Pseudotheraptus wayi mwaka 1955, kwa kumkumbuka Bwana M. J. Way, aliyeichunguza habari yake hapa Unguja. Naye Way aliona jambo la ajabu: minazi yenye chungu maji moto, wale wekundu washonao majani kuwa nyumba, haikupungukiwa na vidaka, kwa sababu maji moto huwawinda wadudu wale. Wakwezi huwachukia kwa kuwa huuma sana, hata huwachoma moto. Kumbe mlinzi ndiye anayefukuzwa!

Tena maji moto wana adui yao, nao ni sisimizi wadogo wa ardhini, wapendao uwanja uliofagiliwa mweupe. Watu waliolichunguza jambo hili katika Tanzania, wakatoa habari zao mwaka 2011, waliona kwamba majani yakiachwa yaote kidogo chini ya minazi, nguvu za sisimizi hao hupungua, na maji moto hupata nafasi ya kushuka na kupanda toka mti hata mti. Hivyo bibi wa nyumba aupendaye uwanja safi, na aufagie mbele ya mlango. Bali nyuma, chini ya minazi, aache majani mafupi, tena apande mlimau au mchungwa, ambao maji moto hupenda kujenga ndani yake.

Na kuhusu kima punju, ambao asili yao kwa dunia nzima ni Unguja tu, wakulima walio karibu na Jozani wamewalalamikia siku nyingi kwamba hula vidaka. Ni kweli hula. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mahali walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalikuwa mengi zaidi. Wachunguzi wakadhani kwamba kupunguza vidaka huwapa waliobaki nafasi ya kukomaa, kama vile mkulima apunguzavyo miche ya mtama. Basi si kila mlaji ni mwivi. Yafaa kuhesabu kwanza, ndipo kushtaki.

Tanzania bara kuna ugonjwa mwingine wa kuogofya, unyong'onyezao mnazi hata vidaka vyote hupukutika, makuti hugeuka rangi, na kichwa huanguka. Nao umeua minazi mingi mno katika pwani ile. Hauna dawa. Kwa hiyo mtu asilete miche kutoka bara kwa mashua kwa sababu ni rahisi. Na achukue mbegu katika mnazi aujuao wa kijiji chake.

Na faida za mti huu, nani asiyezijua? Walakini vijana wa leo wengi hawayajui majina, na jina likipotea, kazi yake hupotea nayo. Kidaka hukua kikawa kitale, kitale huwa dafu lenye maji matamu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Nazi hufuliwa juu ya kifuo, hukunwa kwa mbuzi, huchujwa kwa kifumbu. Tui huenda chunguni na chicha hupewa kuku. Kifuu huwa upawa, au makaa. Chelewa huwa fagio. Kilifu, ile nguo ya asili iliyo katika kwapa la kuti, huwa kichujio. Makuti husukwa ya kuezekea. Na makumbi, ambayo mjini ni taka, huku pwani ya kusini ni mali ya wanawake: huyafukia katika mchanga wa ufuo maji yakitoka, huyazungushia mawe, huyaacha miezi mingi, kisha huyafukua na kuyaponda kwa mti hata yabaki usumba mtupu, ndio wa kusokotea kamba. Kazi hii ni nzito na harufu yake ni kali, bali imevalisha watoto wengi na kuwalipia masomo.

Basi, wasomaji wetu, katika vijiji vyetu minazi mingi iliyosimama leo ilipandwa na watu waliokwisha kufa. Imezeeka, na kila mwaka mingine huangushwa na kupasuliwa mbao, wala hapana ubaya katika hilo, maana mnazi mkongwe usiozaa hufaa kuwa mlango au paa. Ubaya ni kukata mmoja bila kupanda mmoja. Aliye na kiwanja na apime: pakitosha minne, apande minne, pakitosha mmoja, apande mmoja. Aliye na ndugu na aandikiane nao kwanza. Achague mbegu mwezi wa Julai, achimbe mashimo wakati wa vuli, na masika yatakapoingia miche yake iwe tayari.